Bega Lisilotulia: Utangulizi

Kijana wa Makongeni, Thika, aliye mtu wa mkono kwenye mjengo na kipa jioni, bega lake lina zamu mbili. Mchana huinua karai la zege. Jioni hujirusha kudaka. Siku moja huanguka mkono ukiwa umenyooshwa, bega likachomoka. Wenzake hulivuta papo hapo, linaingia, maumivu yanapungua, na baada ya wiki mbili yumo golini tena. Taaluma yetu ya kutibu bega inaanzia hapo, kwa swali moja: bega lilipoingia, nini kilibaki kimechanika?

Nyonga imekaa kama mchi ndani ya kinu. Bega ni chungwa juu ya kisosi. Kisosi kina ukingo wa gegedu, kano zimekizingira, na misuli minne midogo hulivuta chungwa likae katikati kila mkono unapoinuka. Kwa sababu kisosi si kirefu, tunajikuna mgongoni, na Julius Yego akarusha mkuki mita 92.72 kule Beijing mwaka 2015. Gharama yake ni kuyumba. Kati ya mabega 100 yanayochomoka, karibu 95 hutoka kwa mbele.

Mwaka 1923 mpasuaji Mwingereza, Blundell Bankart, alieleza jinsi ukingo ule unavyobanduka kwa mbele na kuacha mlango wazi. Mwaka 1954 Mfaransa Michel Latarjet akaeleza namna ya kuuziba kwa kipande cha mfupa kutoka jirani. Hata hivyo, huwataka wanafunzi wangu waulize umri kabla ya kufikiria kisu. Aliye chini ya miaka 20 akirudi michezoni, bega lake huelekea kuchomoka tena. Aliyepita 40 hurudiwa kwa nadra, lakini misuli ile minne mara nyingi huwa imechanika; usipoichunguza utamwambia amepona, naye hawezi kuinua sufuria hadi rafu ya juu.

Wako pia wasiowahi kuanguka, kama waogeleaji, ambao kano zao zimelegea polepole. Matibabu ya wengi wao huanza na mazoezi ya miezi kadhaa.

Karibu, msomaji. Ila kabla hujafungua sura ya kwanza, nakusihi: ukiwa kando ya uwanja bega la mchezaji likachomoka, usiruhusu livutwe. Mshipa wa fahamu hupita chini ya kiungo hicho, na huenda mfupa umevunjika. Ufunge mkono kwa leso, umpeleke hospitali apigwe picha kwanza.