Miaka ya Historia na Namna ya Kuihesabu

Siku moja darasani nilikuwa nikiwaeleza wanafunzi habari za msikiti wa Kizimkazi, ulio kusini ya kisiwa cha Unguja. Ukutani, upande wa kibla, yamechongwa maneno ya Kiarabu kwa hati ya Kikufi, na ndani yake imo tarehe: mwaka 500. Nikauliza, "Basi maneno haya yalichongwa lini?" Kijana mmoja, tena hodari wa hesabu, akasimama akajibu, "Mwalimu, mwaka 500 baada ya kuzaliwa Kristo." Wenzake wakakubali. Nikauliza tena, "Na Mtume Muhammad alizaliwa mwaka gani?" Wakafungua vitabu wakaona: karibu na mwaka 570. Darasa zima likanyamaza, kwa maana tulikuwa tumekwisha kujenga msikiti miaka sabini kabla ya kuzaliwa Mtume mwenyewe.

Kijana yule alisoma tarakimu sawasawa, lakini hakuuliza zahesabiwa tangu wapi. Swali hilo ndilo mlango wa historia, nami nataka tuufungue pamoja leo.

Wazee wetu walilijua sana jambo hili. Mzee wa zamani akiulizwa umri wake hakutaja tarakimu. Alisema, "Nilizaliwa mwaka wa nzige," au, "Wakati wa Maji Maji nilikuwa nachunga mbuzi." Vita vya Maji Maji vilikuwa toka 1905 hata 1907, na mtoto achungaye mbuzi huwa na miaka saba au minane. Basi twaweza kukisia kwamba mzee huyo alizaliwa karibu na 1898. Tukio kubwa ni kama kigingi kilichopigwa ardhini: mtu hufunga kamba pale, akapima kwenda mbele au kurudi nyuma. Tarehe za Kikristo na za Kiislamu zimefanywa vivyo hivyo, ila vigingi ni mbalimbali, na kamba hazina urefu mmoja.

TAREHE YA HIJRA. Maana ya Hijra ni kuhama. Mwaka 622 Mtume Muhammad alihama Makka akaenda Madina, na baadaye, katika enzi ya Khalifa Umar bin Khattab, Waislamu wakaufanya mwaka ule kuwa wa kwanza katika hesabu yao. Miezi yao hufuata mwezi mwandamo, na miezi 12 ya namna hiyo ni siku 354 au 355. Mwaka wa jua una siku 365 au 366. Kwa hiyo mwaka wa Hijra ni mfupi kwa siku kama 11, na ndiyo sababu Ramadhani huja mara wakati wa masika, mara wakati wa kiangazi. Siku hizo zikikusanyika, miaka 33 ya Hijra huwa karibu sawa na miaka 32 ya jua.

Turudi basi Kizimkazi. Chukua miaka 500 ya Hijra, izidishe kwa 32, kisha igawe kwa 33: utapata kama miaka 485 ya jua. Jumlisha na 622, jibu ni 1107. Huo ndio mwaka wa maandishi yale. Jengo lenyewe limejengwa upya baadaye, lakini maandishi yashuhudia kwamba mnamo 1107 Waislamu walikuwa wamekwisha kukaa pwani ile, nao walikuwa na mafundi wa kuchonga mawe. Kijana wetu alikosea kwa miaka 607.

K.K. NA B.K. Herufi hizi ni ufupisho wa Kabla ya Kristo na Baada ya Kristo. Aliyepiga kigingi hiki ni mtawa mmoja aliyekaa Rumi, jina lake Dionysius Exiguus. Mwaka tunaouita 525 alikuwa akitengeneza hesabu za sikukuu ya Pasaka. Hesabu hizo zilikuwa zikiandikwa tangu enzi ya Kaisari Diocletian, ambaye aliwatesa Wakristo. Dionysius hakutaka kuendeleza kumbukumbu ya mtesaji, akahesabu tangu kuzaliwa kwake Kristo. Wataalamu wengi waona kwamba alikosea kwa miaka michache, lakini kigingi kilikuwa kimekwisha kushika, wala hakikung'olewa.

Mambo mawili huwatatiza wanafunzi hapa. Kwanza, miaka ya K.K. huhesabiwa kurudi nyuma, hata mwaka 500 K.K. ni wa kale kuliko 300 K.K. Pili, hakuna mwaka sifuri: baada ya 1 K.K. hufuata 1 B.K. Kwa mfano, Kaisari Augusto alipewa jina hilo mwezi wa Januari, 27 K.K., akafa mwezi wa Agosti, 14 B.K. Alikuwa na jina hilo kwa miaka mingapi? Jumlisha 27 na 14, upate 41. Kisha toa 1, kwa sababu ya ule mwaka sifuri usiokuwapo. Ni miaka 40, na miezi kama saba.

KARNE. Karne ni miaka 100. Mtoto aliyezaliwa jana yumo katika mwaka wake wa kwanza, ingawa hajatimiza hata mmoja. Ndivyo ilivyo karne: ya kwanza ni toka mwaka 1 hata 100, ya pili toka 101 hata 200. Msafiri Ibn Battuta wa Morocco alifika Kilwa mwaka 1331: hiyo ni karne ya 14. Vasco da Gama alitia nanga Malindi mwaka 1498: karne ya 15. Wareno walianza kujenga ngome ya Mombasa mwaka 1593: karne ya 16. Kanuni yake ni nyepesi. Ondoa tarakimu mbili za mwisho, kisha ongeza moja. Lakini mwaka unaoishia kwa sifuri mbili, kama 1500, ni wa mwisho katika karne yake. Huo usiuongezee kitu.

ZAMA. Karne yapimika, lakini zama hupewa jina na watu waliokuja baadaye. Wataalamu wa Ulaya waliita "Zama za Kati" ile miaka kama 1000 iliyo baina ya kuanguka kwa Dola ya Rumi ya Magharibi, mwaka 476, na karne ya 15, elimu ya kale ilipofufuliwa kwao. Vigingi vyote viwili vimepigwa Ulaya. Rumi ilipoanguka, pwani yetu haikuanguka nayo. Mwanzoni mwa karne ya 14, Sultani al-Hasan bin Sulaiman alikuwa akijenga jumba la Husuni Kubwa huko Kilwa, na dhahabu ya Sofala ilikuwa ikipita bandarini mwake. Basi mwanafunzi akiandika kwamba Kilwa ile ilikuwa ya Zama za Kati, na ajiulize: kati ya nini na nini?

Vivyo hivyo Zama za Mawe, za Shaba na za Chuma. Mpango huo ulitangazwa mwaka 1836 na Christian Thomsen wa Copenhagen, aliyepanga vitu vya kale katika jumba la makumbusho kwa kufuata zana za kukatia. Wafaa sana kwa Denmark. Lakini katika sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki watu walitoka katika zana za mawe wakaingia katika chuma, wasipitie shaba. Ukiitafuta zama ya shaba hapo hutaiona, wala usidhani kwamba watu hao walipungukiwa na kitu.

Miezi michache baada ya somo lile, kijana wetu alikuja kwangu na karatasi iliyokunjwa katika kitambaa. Ilikuwa hati ya shamba la minazi la babu yake, imeandikwa 1318. Jamaa mmoja aliyelitaka shamba hilo alikuwa akiicheka mbele ya wazee, akisema, "Hati ya mwaka 1318! Kabla Wareno hawajafika! Hii ni ya uongo." Kijana alikuwa amekwisha kufanya hesabu pembeni kwa kalamu ya risasi: 1318 kwa 32, kugawa kwa 33, kujumlisha 622. Jibu lake lilikuwa 1900, na mwaka huo babu yake alikuwa mtu mzima. Alitaka tu niitazame kama ni sawa. Ilikuwa sawa, akaenda nayo kwa wazee.

Nawe msomaji, jaribu hesabu hii. Mwaka 1000 wa Hijra ni mwaka gani wa B.K., tena wa karne ya ngapi? Ukipata 1591 au 1592, karne ya 16, umefahamu.