Shamba Lililofungwa: Mirathi na Sheria za Familia Moja Moja katika Virginia ya Kale

Katika Virginia ya karne ya 18, koloni la Uingereza lililoishi kwa tumbaku, mtu aliweza kuwa na maelfu ya ekari na asiwe na ruhusa ya kuuza hata moja. Shamba lilikuwa limefungwa na baba au babu yake. Wosia ulikwisha sema: ardhi iende kwa mwana wa kiume wa kwanza, kisha kwa mwana wa huyo, na kuendelea hivyo mpaka ukoo ukatike. Aliye hai alikula mazao. Hakuweza kuwagawia wadogo zake, wala kumwachia binti aliyempenda. Msomaji anayefahamu wakfu wa familia ataelewa haraka; tofauti ni kwamba aliyenufaika hapa hakuwa ukoo mzima, bali mtu mmoja katika kila kizazi.

Desturi hiyo ilitoka Uingereza, ila Virginia iliikaza. Kule Uingereza mawakili walikuwa na mbinu yao: waliendesha mahakamani kesi ya kubuni, na mwisho wake ardhi ikafunguka. Mwaka 1705 Virginia iliifunga njia hiyo. Tangu hapo, aliyetaka kuuza shamba la namna hiyo ilimbidi aombe Bunge la koloni, lililokutana Williamsburg, limtungie sheria yake mwenyewe, yenye jina lake na mipaka ya shamba lake.

Maombi hayo yalikuwa na taratibu zake. Tangazo lilisomwa katika kanisa la parokia ilipo ardhi, Jumapili tatu mfululizo, ili mwenye dai asije akasema hakusikia. Kwa hiyo majirani wote walijua kwamba bwana fulani anataka kuuza. Kisha wabunge, ambao wengi wao walikuwa wenye mashamba kama yeye, walipima sababu zake. Mara nyingi sababu zilifanana: tumbaku imeinyonya ardhi ya pwani, kuna ardhi mpya magharibi, madeni yamezidi. Bunge likikubali, mara nyingi halikuuondoa urithi kifungoni. Lilikihamishia kifungo kwenye mali nyingine yenye thamani inayolingana. Sheria ikapita kwa gavana, kisha ikavuka bahari kwenda London kungoja idhini ya mfalme. Wenye vipande vidogo walipata nafuu mwaka 1734: ardhi yenye thamani isiyozidi pauni 200 iliweza kufunguliwa bila kwenda bungeni.

Katika mali hiyo nyingine walikuwamo watu. Mwaka huohuo wa 1705, Virginia iliwahesabu watumwa kuwa mali isiyohamishika katika mambo ya mirathi, na mwaka 1727 ikaruhusu wafungwe pamoja na shamba ili wamfuate mrithi. Ndiyo maana katika baadhi ya sheria hizo, baada ya mito na mipaka, hufuata orodha ya majina ya wanaume, wanawake na watoto wao.

Kaskazini, makoloni ya Wapuritani yalikuwa na mila tofauti. Massachusetts, kwa kufuata Torati, iliamua mwaka 1641 kwamba baba akifa bila wosia, mwana wa kwanza achukue fungu maradufu. Hata huko Bunge liliingia katika mirathi ya watu. Mwaka 1793 mahakama ya mirathi ya Hartford, Connecticut, iliukataa wosia wa Normand Morrison. Miaka miwili baadaye Bunge liliamuru shauri lisikilizwe upya. Wosia ukakubaliwa, na mali ikabadilisha mikono. Walioshindwa walikwenda hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, nayo mwaka 1798 ikasema katazo la Katiba dhidi ya sheria za kurudi nyuma linahusu jinai tu.

Kifungo cha Virginia kilikatwa na mapinduzi ya kujitenga na Uingereza. Oktoba 1776 mbunge Thomas Jefferson alipeleka muswada wa kufungua mashamba yote kwa mkupuo, kwa hoja kwamba mila ile ilikuwa ikizalisha tabaka la mabwanyenye. Kisha ukaja mjadala wa mwana wa kwanza: baba akifa bila wosia, achukue ardhi yote au agawane na wenzake? Edmund Pendleton, mtetezi wa mila za zamani, alipoona anashindwa aliomba walau fungu maradufu. Jefferson alimjibu kwamba angekubali kama kifungua mimba angekula mara mbili au kufanya kazi ya watu wawili. Sheria ya kugawa sawa ilipitishwa mwaka 1785 na ikaanza kutumika mwaka 1787.

Usawa huo ulikuwa wa watoto wa bwana. Palipokuwa na warithi watano, watumwa nao waligawanywa mafungu matano: mama akaenda kwa kaka mkubwa, mwanawe akaenda kwa dada aliyeolewa mbali. Haki ya nyumba moja ilivunja nyumba nyingine.

Sheria za familia moja moja hazikukoma. Sasa mabunge ya majimbo yaliombwa talaka, ruhusa ya walezi kuuza ardhi ya mayatima, au uwezo wa mke kumiliki alichochuma, kwa kuwa mali ya mke iliangukia mikononi mwa mume. Maombi yalipozidi, kilichokuwa hisani kwa wachache kikaanza kuwa haki ya wengi. Mississippi ilitunga sheria ya mali ya wanawake walioolewa mwaka 1839, na vifungu vyake vingi vilihusu watumwa. Mwaka 1851 katiba mpya za Virginia na Maryland ziliwaondolea wabunge kazi ya kutoa talaka.

Virginia ilikuwa na waombaji wengine pia. Sheria ya mwaka 1806 ilimtaka mtumwa aliyeachwa huru aondoke jimboni ndani ya miezi 12, la sivyo angeweza kuuzwa tena. Hao nao waliandika bungeni, majirani wakiwawekea saini. Hawakuomba shamba, waliomba kubaki na mke, mume au watoto ambao bado walikuwa watumwa wa mtu. Baadhi walikubaliwa. Wengi walikataliwa, wakabaki na chaguo la kuondoka peke yao au kujificha karibu na watu wao.