Kioo cha simu kisitangaze siri zako

Na MWANDISHI WETU

Jumamosi moja alasiri tulikuwa tumekutana, akina mama kumi na wawili wa chama chetu, katika nyumba ya mwenzetu mtaani Buruburu, jijini Nairobi. Chai ilikuwa mezani, daftari la michango lilikuwa limefunguliwa, na simu ya mwenye nyumba ilikuwa kando ya televisheni ikichajiwa. Mara ikalia na kioo kikawaka. Sote tukageuza macho, kama watu wafanyavyo simu inapolia. Maneno yalikuwa wazi kabisa: mkopo wake ulikuwa umepitisha siku, na alitakiwa alipe siku hiyo hiyo.

Hakuna aliyesema neno. Mwenye nyumba aliinuka, akailaza simu kifudifudi, akaendelea kumimina chai. Lakini mkono ulikuwa ukimtetemeka. Mwezi uliofuata hakuja mkutanoni, wala uliofuata huo. Baadaye ndipo tulipopata kujua kwamba alikuwa amekopa ili amlipie karo kifungua mimba wake. Kukopa kwa ajili ya karo si aibu. Kilichomuumiza ni kuwa sisi tulijua kabla hajatuambia.

Jambo la kushangaza ni kwamba simu ile ilikuwa imefungwa. Alikuwa ameiwekea nambari ya siri, na hakuna hata mmoja wetu ambaye angeweza kuifungua. Wengi wetu hudhani kwamba tukishaiwekea simu nambari ya siri basi yaliyomo yako salama. La hasha! Kufuli humzuia mtu kuingia ndani, lakini halimzuii aliye ndani kupaza sauti dirishani.

Kwa nini simu iliyofungwa husema?

Simu ndogo za vibonyezo tulizoanza nazo zilikuwa na adabu. Ujumbe ulipoingia, zilikuonyesha tu kwamba kuna ujumbe mmoja. Ili uusome, ilibidi uufungue mwenyewe. Simu za kisasa zimeundwa ili kukuondolea usumbufu huo. Ujumbe unapoingia, kioo huwaka na kukuonyesha jina la aliyetuma na maneno yake ya kwanza. Hiyo ndiyo huitwa arifa.

Tusidanganyane, arifa zina manufaa. Mama aliye jikoni, mikono imejaa unga wa chapati, hutupa jicho tu na kujua kwamba mtoto amefika shuleni salama. Mwanafunzi wa chuo huona mara moja kwamba mhadhara umehamishwa chumba kingine. Fundi aliye juu ya ngazi hujua kama anayempigia ni mteja au ni rafiki anayetaka porojo. Ukimwambia mtu kama huyo azime arifa zote, atakutii kwa siku mbili, kisha ataziwasha tena. Nani atamlaumu?

Shida ni kwamba siku hizi simu si ya salamu tu. Tangu huduma ya M-Pesa ilipoanza humu nchini mnamo Machi 2007, simu imekuwa pia mkoba wa fedha. Ndani yake mna barua za kazi, ujumbe wa mwalimu, matokeo ya hospitali na maneno ya mpenzi. Yote hayo hupitia kwenye kioo kile kile, iwe simu iko chumbani kwako au iko mkononi ndani ya matatu iliyojaa watu. Abiria uliyeketi naye huenda hana nia mbaya yoyote. Lakini macho hayana pazia.

Madhara yanayoweza kutokea

Hebu tuanze na fedha. Ujumbe wa pesa zilizoingia hutaja kiasi na aliyetuma, na ukionekana wote, hutaja pia salio lililobaki. Anayeuona ukiwa kituo cha basi amekwisha kujua kama inafaa kukufuata.

La pili ni zile nambari za muda ambazo benki, barua pepe na mitandao hukutumia ili kuthibitisha kwamba ni wewe. Mtu mwenye simu yako mkononi, hata ikiwa imefungwa, anaweza kwenda kwenye kompyuta, aandike nambari yako na kudai kwamba amesahau neno la siri. Nambari ya uthibitisho hutumwa papo hapo na kumulika kwenye kioo. Huisoma tu bila kuigusa simu. Hapo kufuli yako haikusaidia chochote.

La tatu ni afya, na hapa kuna funzo zuri kutoka nchini mwetu. Kati ya 2007 na 2008, watafiti waliwafuatilia wagonjwa 538 waliokuwa wakianza kutumia dawa za kupunguza makali ya Ukimwi hapa Kenya. Nusu yao walitumiwa ujumbe kila wiki. Ujumbe wenyewe ulikuwa neno moja tu: "Mambo?" Mgonjwa alijibu "Sawa" au "Shida", na mwenye shida alipigiwa simu na mhudumu wa afya. Matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2010 katika jarida la Lancet yalionyesha kwamba waliopata ujumbe walizingatia dawa zao vizuri zaidi kuliko wengine.

Tazama neno lenyewe, msomaji. Halikutaja ugonjwa, dawa wala kliniki. Hata mume, jirani au mwajiri angeliona, angedhani ni salamu ya rafiki. Mgonjwa alikumbushwa na siri yake ikabaki salama. Hivyo basi, inawezekana kupata manufaa ya arifa bila kuanika yaliyo ya ndani.

Njia ya katikati

Wengi hudhani uchaguzi ni kuonyesha yote au kuficha yote. Kumbe kuna njia ya tatu, nayo ndiyo nzuri kwa familia nyingi: simu ikuambie kwamba kuna ujumbe, lakini isiuonyeshe hadi uifungue.

Kwenye simu nyingi za Android, ingia katika mipangilio, nenda kwenye arifa, kisha utafute sehemu inayohusu skrini iliyofungwa. Hapo utaweza kuchagua kuficha mambo ya siri. Maneno hutofautiana kidogo kutoka aina moja ya simu hadi nyingine, lakini sehemu hiyo haikosekani. Kwenye iPhone, mipangilio ya arifa ina machaguo matatu: kuonyesha ujumbe kila wakati, kuuonyesha simu ikishafunguliwa, au kutouonyesha kamwe. Chagua la katikati. Ikiwa simu yako hufunguka kwa uso au kwa alama ya kidole, hutapoteza hata sekunde mbili.

Ukishafanya hivyo, pitia programu moja baada ya nyingine. Kikumbusho cha saa au habari za hali ya anga zikionekana, hakuna neno. Ujumbe wa fedha, barua pepe na mazungumzo ya WhatsApp na vifichwe.

Usisahau nambari ya siri yenyewe. Nambari ya tarakimu nne ina michanganyiko 10,000, na ya tarakimu sita ina 1,000,000. Lakini ukitumia mwaka wa kuzaliwa, unamrahisishia mwizi kazi. Miaka yote kuanzia 1950 hadi 2010 ni 61 tu, na anayekujua hatahitaji kujaribu hata mitano.

Laini nayo ina mlango wake. Mwizi akiichomoa na kuitia kwenye simu nyingine, nambari zote za uthibitisho zitamwendea yeye. Kwa hivyo, iwekee laini nambari yake ya siri kupitia mipangilio ya simu. Utaulizwa nambari hiyo tu simu inapozimwa na kuwashwa, au laini inapohamishwa. Uwe mwangalifu: ukiikosea mara tatu laini itajifunga, na itakubidi utumie nambari ya tarakimu nane iitwayo PUK. Nayo ukiikosea mara kumi, laini hiyo imekufa. Hifadhi kadi uliyopewa uliponunua laini.

Yanayofaa kuonekana

Kuna mambo ambayo si vizuri kuyaficha. Ukipatwa na ajali ukazirai, msamaria mwema ataokota simu yako na kuikuta imefungwa. Ataweza kupiga 999 au 112 bila nambari ya siri, lakini hatajua wewe ni nani. Simu za kisasa zina sehemu ya habari za dharura, ambayo mtu yeyote anaweza kuifungua bila kufika kwenye mambo yako mengine. Andika humo aina ya damu yako, ugonjwa ulio nao kama vile kisukari au pumu, dawa zinazokudhuru, na nambari ya jamaa wa kupigiwa. Hakikisha umeruhusu zionekane simu ikiwa imefungwa.

Simu nyingi za Android pia hukubali uandike maneno machache kwenye kioo kwa ajili ya atakayeiokota ikipotea. Andika nambari ya mume, mke au ndugu. Kuna watu huandika nambari yao wenyewe, wakasahau kwamba simu ya kupokelea ndiyo hiyo iliyopotea!

Wazazi na vijana

Wazazi wengi wakiona kijana ameficha ujumbe kwenye kioo, huanza kushuku mabaya. Ni kweli kwamba mtoto mdogo anahitaji kuangaliwa, na mzazi ana haki ya kujua anazungumza na nani. Lakini hilo lifanywe kwa mazungumzo, mkiwa mmeketi pamoja, wala si kwa kuchungulia simu inapowaka. Kijana anayechunguliwa hujifunza kuchungulia. Zaidi ya hayo, mzazi anayemfunza mwanawe kuficha nambari za benki leo anamwepusha na matapeli kesho.

Katiba ya mwaka wa 2010, kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya faragha, ikiwemo faragha ya mawasiliano yake. Lakini sheria haiwezi kuketi kati yako na jirani yako ndani ya matatu. Kazi hiyo ni yako mwenyewe.

Wahenga walisema mficha uchi hazai, nao hawakukosea. Mwenye shida akinyamaza hatasaidiwa. Lakini anayetaka kuzaa humwendea mkunga, hasimami katikati ya soko. Mwenye siri ndiye anayestahili kuchagua amwambie nani, lini, na kwa maneno gani. Simu isimchagulie.

Kuhusu mwenzetu wa Buruburu, mwezi wa tatu tuliona haitufai kukaa kimya. Wawili wetu tulimwendea, tukapiga hodi, na alipotufungulia tukamwomba radhi kwa kusoma yasiyotuhusu. Hapo ndipo alipotueleza mwenyewe habari za karo, na chama kikamkopesha. Kijana wake, yule yule aliyekuwa akilipiwa, ndiye aliyezichukua simu zetu moja baada ya nyingine na kutuonyesha jinsi ya kuficha ujumbe. Haikumchukua hata dakika tatu kwa kila simu.

Nawe pia, kabla ya kuliweka gazeti hili chini, itazame simu yako ikiwa imefungwa. Je, mgeni aliyeketi sebuleni kwako angesoma nini?