Kweli au uongo: Uingereza na umeme wa makaa ya mawe

"Ukizima makaa, jiandae kwa mgao." Uongo. Ratcliffe-on-Soar, kituo cha mwisho cha Uingereza kufua umeme kwa makaa ya mawe, kilizimwa tarehe 30 Septemba 2024, na mgao haukufuata. Nchi ilikwisha kujizoeza: siku yake ya kwanza nzima bila umeme wa makaa tangu 1882 ilikuwa 21 Aprili 2017.

"Upepo ndio ulioyafukuza makaa." Nusu kweli. Upepo ulisaidia sana, ila fedha ilitangulia. Sheria za Ulaya kuhusu salfa zilivipa vituo vikongwe njia mbili: vifungiwe mitambo ya kusafisha moshi, au vifungwe kabisa ifikapo mwisho wa 2015. Juu ya hayo, Aprili 2013 serikali ikaanza kuzitoza ushuru wa kaboni fueli za kufulia umeme. Yuniti moja ya umeme wa makaa hutoa kaboni karibu mara mbili ya ile ya gesi, basi ushuru ukawauma zaidi wenye makaa, na gesi ikawa ndiyo ya kuwashwa kwanza. Mwaka 2012 makaa yalitoa karibu asilimia 40 ya umeme. Mwaka 2020 takriban asilimia 2. Hakuna aliyehubiriwa akaokoka, hesabu zilikataa tu. Ubaya wa kuegemea gesi ulionekana 2022, bei yake ilipopaa baada ya Urusi kuivamia Ukraine.

"Drax sasa ni safi." Inategemea anayehesabu. Kituo hicho cha Yorkshire kiliacha makaa kikahamia vidonge vya mbao, vingi vikiletwa kwa meli kutoka Marekani na Kanada. Kwa kanuni za kimataifa, kaboni hiyo huhesabiwa kule mti ulikokatwa, hivyo kwenye dohani la Drax huandikwa sifuri. Moshi unatoka vilevile, na mti wa kuufidia huchukua miongo kukua. Mimi nisingekiita safi.

"Wachimbaji waliponzwa na wanamazingira." Uongo, tena wa kuudhi. Migodi mingi ilifungwa miaka ya 1980 na 1990, mgomo wao wa 1984–85 ukiwa umeshashindwa na ushuru wa kaboni haujazaliwa. Kellingley, mgodi wa mwisho wa kina kirefu, ulifungwa Desemba 2015. Kufikia wakati huo, makaa mengi ya vituo vya umeme yalikuwa yakiingizwa kwa meli, muuzaji mkubwa akiwa Urusi.