Diski ya Kompyuta: Inakufa Kweli au Inasingiziwa?

Katika mji wa mpakani kama Isongole, wilayani Ileje, stesheneri inaweza kutegemea kompyuta moja tu: ndiyo inayochapa barua, ndiyo inayotunza mitihani ya shule na kazi za wateja. Siku ikigoma, kila aliyepo dukani anageuka fundi. Kabla hujapanda gari la Tunduma kutafuta diski mpya, pima kwanza haya yanayosemwa.

1. "Kompyuta ikiwa nzito, piga Windows upya."
SI KWELI. Uzito una sababu nyingi: virusi, RAM ndogo, programu zinazojifungua zenyewe. Ukiona faili lilelile linagoma kila mara, au kunakili kunasimama palepale, hapo ndipo uishuku diski. Kupiga Windows juu ya diski mbovu hakuiponyi, na kunaweza kufuta kazi ambazo zingeokolewa. Amri ya Windows ya kukagua diski, chkdsk /r, nayo usiikimbilie, maana inaisoma diski nzima na kuichosha kabla hujatoa chako.

2. "Diski ikigonga tik-tik-tik, imekwisha."
KWELI, mara nyingi. Kichwa cha kusomea kinatafuta mahali pake, kinakosa, kinarudi, kinaanza tena. Zima mashine mara moja. Ila kama ni diski ya nje, jaribu kwanza waya na tundu jingine la USB, kwani umeme hafifu nao huleta mlio huohuo. Wala ukimya si afya: SSD haina kitu kinachozunguka, inakufa bila kutoa sauti.

3. "Programu ikisema nzima, ni nzima."
SI KWELI. Mwaka 2007 watafiti wa Google walitoa matokeo ya diski zaidi ya 100,000. Zaidi ya asilimia 36 ya zilizokufa hazikuwa zimeonyesha kosa lolote kwenye vipimo vya SMART, mfumo ambao diski hutumia kujipima yenyewe. Lakini programu ikilalamika, isikilize: baada ya kosa la kwanza la ukaguzi wa uso wa diski, uwezekano wa kufa ndani ya siku 60 uliongezeka mara 39.

Fungua programu ya CrystalDiskInfo inayosoma vipimo hivyo, ni ya bure. Usiishie kwenye rangi ya bluu au njano; shuka hadi mistari ya 05, C5 na C6. Hiyo inahesabu sehemu zilizohamishwa, zinazosubiri kuhamishwa na zilizoshindikana kusomeka. Tarakimu zake kwa kawaida huandikwa kwa mfumo wa kumi na sita, hivyo 2F si kosa la uchapaji, ni 47. Mstari wa C7 ukipanda peke yake, badilisha waya wa SATA kwanza. Huenda diski inasingiziwa.

4. "Umeme ukikatika, diski inaungua."
NUSU KWELI. Diski za kuzunguka zimeundwa kurudisha kichwa mahali salama umeme ukikatika ghafla. Kinachoharibika zaidi ni faili lililokuwa likiandikwa wakati huo. Hatari kubwa ni umeme unaporudi kwa kishindo, na hapo ndipo UPS nzuri inapolipa gharama yake.

5. "Iweke kwenye friza, itaamka."
SI KWELI. Ikitoka kwenye baridi inashika unyevu, na kichwa chake kinaelea nanomita chache tu juu ya sahani inayozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika. Tone dogo linatosha kumaliza kilichobaki.

Hukumu ni hii: ukiishuku diski, nakili kwanza, pima baadaye, na mambo ya kutengeneza yawe ya mwisho. Anza na mafaili usiyoweza kuyachapa upya. Ikiwa inagonga na data ni ya thamani, usiifungue dukani. Mpelekee mtaalamu wa kuokoa data. Na kama kompyuta yako ni nzima leo, basi leo ndiyo siku ya kununua diski ya pili.