Wimbo kwa Aliyepotewa na Maneno

Wasomaji wetu wa Ikwiriri wanaujua mto Rufiji: mkondo mmoja ukizibwa na mchanga, maji hutafuta mkondo mwingine. Twaukumbuka mfano huo kwa ajili ya jamaa zetu waliopatwa na kiharusi wakapotewa na maneno.

Kiharusi ni ugonjwa wa ubongo: damu huzuiwa isifike mahali pake, au mshipa hupasuka. Kwa watu wengi mahali pa kunena pako upande wa kushoto wa ubongo. Pakiumia, huenda mtu akaelewa mengi aambiwayo, walakini asiweze kujibu. Ndipo wengine husema, "Akili zimemtoka," wakaacha kuongea naye. Hilo ni kosa, tena lamhuzunisha sana mgonjwa.

Mwaka 1745 Olof Dalin wa Sweden aliandika habari za mtu aliyeugua hivyo, asiweze kusema ila "ndiyo". Lakini akianzishiwa wimbo wa kanisani alioujua zamani, aliuimba kwa maneno dhahiri. Mwaka 1973 wataalamu wa Boston, Marekani, walieleza njia ya kufundisha kunena kwa kuimba. Kwani kuimba hutumia pande zote mbili za ubongo.

Njia yenyewe ni hii. Mmoja wenu aketi mbele ya mgonjwa, amshike mkono wa kushoto, aupigepige mezani polepole, pigo moja kwa kila silabi. Aimbe neno la haja ya kila siku, kama "Na-ta-ka ma-ji," kwa sauti mbili tu, ya juu na ya chini. Kwanza mgonjwa asikilize. Kisha waimbe pamoja. Kisha mwalimu anyamaze, mgonjwa amalize mwenyewe. Siku kwa siku wimbo upunguzwe, mpaka yabaki maneno matupu.

Miguu nayo husaidiwa. Wanawake wawili wakitwanga mpunga katika kinu kimoja, michi haigongani, kwa kuwa mapigo huwaongoza. Vivyo hivyo mguu uliolegea hufuata pigo la ngoma au makofi, na mwendo hutengenea. Lakini mtu awe kando yake, asije akaanguka.

Si wote wanaopona kabisa, wala wimbo haushiki nafasi ya daktari. Mdomo ukipinda, mkono ukilegea, au ulimi ukiwa mzito ghafula, mpelekeni mgonjwa hospitali saa ile ile. Naye akirudi nyumbani, twawasihi, msimwache katika ukimya. Mwanzishieni wimbo aupendao, mkangoje ajibu.