Mali Bila Daftari: Faida ya Masomo ya Biashara

Watu wengi hudhani ya kuwa mtu huenda katika chuo cha biashara ili ajifunze kununua kwa bei rahisi na kuuza kwa bei ghali. Kama ingekuwa hivyo, pasingekuwa na haja ya chuo, maana kazi hiyo akina mama wa sokoni huijua tangu utoto wao. Jambo lililo gumu ni jingine, nalo ni kujua, jioni baada ya kufunga duka, ni fedha zipi katika sanduku ambazo mwenye duka aweza kuzitumia, na ni zipi ambazo hana ruhusa ya kuzigusa.

Mfano mmoja utalieleza jambo hili. Mtu alifungua duka kijijini kwa bidhaa za shilingi 40,000. Kwa muda wa mwezi mmoja aliziuza zote kwa shilingi 50,000, ila katika hizo shilingi 6,000 zilikuwa madeni ya majirani. Basi alikuwa na shilingi 44,000 mkononi. Alilipa kodi ya duka shilingi 3,000. Kisha mtoto wake alirudishwa nyumbani kwa ajili ya karo, naye akatoa shilingi 12,000 bila wasiwasi, kwa kuwa sanduku lilikuwa limejaa.

Lakini faida yake ilikuwa kiasi gani? Aliuza kwa shilingi 50,000 vitu alivyonunua kwa shilingi 40,000. Ukitoa kodi, faida ni shilingi 7,000 tu. Yeye alitoa shilingi 12,000. Maana yake ni kwamba alikula shilingi 5,000 za rasilmali yake mwenyewe. Mwezi wa pili alikwenda kununua bidhaa akiwa na shilingi 29,000 tu, na zile 6,000 zingali kwa majirani. Akifanya hivyo miezi michache, rafu zitabaki tupu, naye atasema kwamba amerogwa au kwamba ameonewa wivu. Kumbe aliyelimaliza duka ni yeye mwenyewe, wala hakujua siku aliyoanza.

Somo la kwanza la uwekaji wa hesabu ndilo dawa ya ugonjwa huu. Mwanafunzi hufundishwa kulihesabu duka kama kwamba ni mtu mwingine, mbali na mwenyewe. Akichukua sukari ya nyumbani, huandika kwamba ameichukua. Akitaka kula jasho lake, hujiwekea mshahara, naye huupokea mwisho wa mwezi kama mtumishi yeyote. Tena hufundishwa kuandika kila jambo mara mbili, yaani upande mmoja kile kilichoingia, na upande wa pili mahali kilipotoka. Pande hizo mbili zisipolingana, lipo kosa, na ni lazima litafutwe. Kanuni hii ni ya zamani sana. Wafanya biashara wa Venice katika Italia waliitumia, na mwaka 1494 mtawa mmoja mjuzi wa hesabu, Luca Pacioli, aliieleza katika kitabu kilichopigwa chapa katika mji huo.

Katika Kenya masomo ya namna hii yamepata vyuo vyake. Chuo cha Ufundi cha Royal kilichopokea wanafunzi mjini Nairobi mwaka 1956 kilifundisha biashara pamoja na uhandisi, na mwaka 1970 kikawa Chuo Kikuu cha Nairobi. Bodi ya mitihani ya wahasibu, KASNEB, iliundwa mwaka 1969. Chuo cha vyama vya ushirika, ambacho mizizi yake ni ya mwaka 1952, kilipandishwa kuwa Chuo Kikuu cha Ushirika cha Kenya mwaka 2016.

Si wote waliosoma huko wanaofungua maduka. Wengi huajiriwa, lakini yale waliyojifunza huwafuata hata nyumbani. Mtu wa namna hiyo akiletewa mkataba, huusoma mpaka mwisho kabla ya kutia sahihi. Akiambiwa kwamba mkopo una riba ya shilingi 10 tu kwa kila mia, huuliza, “Kwa mwezi au kwa mwaka?” Maana riba ya 10 kwa mia kila mwezi, isipopunguzwa deni linapolipwa, ni 120 kwa mia kwa mwaka, na mtu asiyeuliza huweza kupoteza shamba lake. Kijijini yeye ndiye achaguliwaye kuwa mweka hazina wa chama, si kwa sababu ni mwaminifu kuliko wenzake, bali kwa sababu daftari lake laweza kukaguliwa na mtu yeyote.

Hata jamaa zake hufaidika. Mwenye duka asiye na hesabu hawezi kumkatalia ndugu yake mkopo bila kuonekana ana choyo. Mwenye hesabu hufungua daftari na kumwonyesha kiasi kilichotengwa kwa madeni, na ya kuwa kimekwisha. Undugu haukatiki, na duka hubaki.

Wako wasemao kwamba siku hizi simu imemaliza kazi hii. Ni kweli kwamba tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, kila malipo yanayopita humo huacha habari zake. Lakini simu hueleza tu kwamba fedha zimeingia na kutoka. Haiwezi kujua kama zilikuwa za duka au za nyumbani mpaka mwenyewe aziainishe.

Ni lazima pia kusema kwamba chuo hakimpi mtu rasilmali, wala hakimfanyi mwivi kuwa mwema. Wako wenye vyeti walioanguka, na wako wasio na cheti waliostawi. Lakini ukiwatazama hao waliostawi, wengi utawakuta wana daftari, hata kama ni la karatasi za shule na penseli. Asiyeweza kwenda chuo aweza kuanza leo jioni kwa kuandika kilichoingia, kilichotoka, na alichochukua yeye mwenyewe. Wazee walikwisha kusema: mali bila daftari hupotea bila habari.